Jiwe Lile Lile, Dhahabu au Kifusi: Usalama wa Nishati na Ushindani wa Uchumi katika Ukanda wa Geita

Mtu anayehamia Nyarugusu, Lwamgasa au Mgusu huizoea mapema ngurumo ya makarasha. Mashine hizo husaga mawe usiku na mchana, na baada ya siku chache sikio huacha kuzisikia. Husikika tena pale tu zinaponyamaza. Zikinyamaza zote kwa pamoja, na taa za madukani zikazimika nazo, hakuna anayehitaji kuambiwa kilichotokea. Muda si mrefu jenereta moja huanza kuunguruma upande huu, nyingine upande ule, lakini kamwe si kila mahali. Mwenye fedha ya dizeli huendelea na kazi. Asiyekuwa nayo hukaa juu ya viroba vya mawe yake na kusubiri.

Makala hii inahusu kusubiri huko na gharama yake. Usalama wa nishati wa taifa, pamoja na uwezo wa uchumi wetu kushindana na uchumi wa mataifa mengine, ni maneno yanayosikika bungeni na katika hotuba za bajeti kuliko katika jumuiya zetu ndogondogo. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali hapa nchini ambapo mambo hayo mawili yameshikamana waziwazi kama katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Bulyanhulu hadi Geita, Chato na Bukombe.

Ghala na mavuno

Tuanze na maana. Kaya ya mkulima haihesabiwi kuwa na usalama wa chakula kwa sababu ilivuna vizuri mwaka mmoja. Hutazamwa ghala lake: je, chakula kitafika hadi mavuno mengine? Je, panya na unyevu havitakiharibu? Je, mama wa nyumbani akihitaji debe moja leo jioni atalipata, au ufunguo uko kwa mtu aliye safarini? Nishati nayo ni hivyo hivyo. Taifa linaweza kuwa na mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme na bado lisiwe na usalama wa nishati, iwapo umeme huo haufiki unakohitajika, haufiki kwa wakati, au unafika kwa bei ambayo mtumiaji hawezi kuibeba na bado akafanya kazi yenye faida.

Ushindani wa uchumi nao una maana iliyo rahisi. Je, mzalishaji wa kwetu anaweza kuuza bidhaa yake sokoni, akalipa wafanyakazi na kodi, na bado akabakiwa na cha kuendeleza kazi, ilhali wenzake wa nchi nyingine wanauza bidhaa hiyo hiyo? Mfanyabiashara wa mchele wa Kahama ana nafasi kidogo ya kujitetea. Akikoboa vizuri, akaondoa mawe na chenga, mchele wake utapata bei bora kuliko wa jirani. Dhahabu haina upendeleo huo. Bei yake ya rejea hupangwa mjini London, kwa dola za Marekani kwa aunsi moja, yaani gramu 31.1. Gramu iliyosafishwa ya Geita haina thamani zaidi wala pungufu kuliko gramu iliyosafishwa ya Ghana, Australia au Afrika Kusini.

Kwa hiyo mchimbaji, awe ni kampuni kubwa au kijana mwenye duara moja, hana mamlaka yoyote juu ya bei ya dunia. Kilicho mikononi mwake ni gharama tu, na miongoni mwa gharama za kuchimba na kuchenjua, nishati ni mojawapo ya zile kubwa kuliko zote.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu tunaoishi juu ya mawe haya hatulitafakari vya kutosha. Mwamba hauzaliwi dhahabu wala hauzaliwi kifusi. Katika migodi mikubwa ya kisasa tani nzima ya mwamba mara nyingi hutoa gramu chache tu, pengine mbili au tatu. Wahandisi huweka kiwango: mwamba wenye dhahabu inayozidi kiwango hicho huitwa mbale na hupelekwa kinuni, na ulio chini yake hutupwa kwenye lundo la mawe taka. Kiwango hicho hakikuandikwa ardhini. Hutokana na hesabu ya gharama na bei. Gharama ikishuka, jiwe lililokuwa kifusi jana leo linakuwa mbale. Ikipanda, mbale inarudi kuwa kifusi, na pamoja nayo hupungua miaka ya uhai wa mgodi, ajira za vijana na biashara za mama lishe waliopo getini.

Tufanye hesabu ya mfano, isiyo ya mgodi wowote. Kusaga tani moja ya mwamba mgumu hadi kuwa unga hutumia takribani uniti 20 za umeme, kutegemea ugumu wa mwamba wenyewe. Bei ya kawaida ya TANESCO kwa mteja mdogo wa biashara imekuwa kwa miaka kadhaa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Tani hiyo basi husagwa kwa shilingi 5,840. Sasa tuzime gridi na kuwasha jenereta. Jenereta ndogo ya dizeli hutoa takribani uniti tatu kwa kila lita. Lita ikiuzwa shilingi 3,000, uniti moja imekwisha kuwa shilingi 1,000 kwa mafuta pekee, bila kuhesabu oili, vipuri na ujira wa fundi. Tani ile ile sasa inasagwa kwa shilingi 20,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 14,000 kwa tani.

Kwa kijana mwenye tani kumi za marudio yenye dhahabu kidogo, tofauti hiyo inatosha kumwamulia kama asage au aache. Kwa mgodi unaosaga tani milioni tano kwa mwaka, hata tukichukulia kwamba unapata mafuta kwa bei nafuu na tofauti ikashuka hadi nusu, ni shilingi bilioni 35 kila mwaka.

Fedha hizo si za wenye hisa peke yao. Mrabaha wa asilimia 6 unaolipwa Serikalini pamoja na ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri hukatwa kwenye thamani ya mauzo, faida iwepo au isiwepo. Kodi ya mapato ya kampuni hukatwa kwenye faida. Kila shilingi inayopotea kwa kuchoma dizeli kuliko ilivyolazimu hupunguza faida, na hivyo hupunguza kodi ambayo ingenunua dawa na kulipa walimu. Tangu ushirika wa umiliki kati ya Serikali na kampuni ya Barrick ulipozaa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali inamiliki asilimia 16, hasara ya mgodi ni hasara ya Mtanzania kwa namna iliyo ya moja kwa moja zaidi.

Miaka ishirini ya malori ya mafuta

Mgodi wa Geita, unaomilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na katika miaka ya karibuni umekuwa ukitoa takribani aunsi nusu milioni kwa mwaka. Ni miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu barani Afrika. Kwa zaidi ya miaka 20 mgodi huo ulijizalishia umeme kwa kuchoma mafuta. Mafuta hayo yaliagizwa kutoka ng'ambo, yakashushwa bandarini, yakapakiwa kwenye malori na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwetu. Barabara ikikatika, meli ikichelewa, au bei ya dunia ikipanda, mgodi ulihisi. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya dizeli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita kabla ya mwaka kufika mwisho, pamoja na kwamba Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Dola iliyoingia nchini kwa mlango wa dhahabu ilitoka kwa mlango wa dizeli.

Mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Kakola upande wa Kahama, ulikuwa na bahati tofauti. Wenyewe uliunganishwa mapema na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Shinyanga. Lakini hata huko jenereta za akiba hazikuondolewa, kwa sababu umeme wa gridi ulikuwa ukiyumba. Msomaji anaweza kuuliza: kuna ubaya gani mgodi ukikaa gizani saa mbili tatu kama sisi tunavyokaa majumbani? Ubaya ni mkubwa. Chini ya ardhi feni kubwa ndizo zinazosukuma hewa safi kwa wafanyakazi na kutoa moshi wa baruti na wa mitambo. Pampu ndizo zinazozuia maji yasijae. Juu ya ardhi, matangi ya uchenjuaji hukorogwa bila kukoma, na mkorogo ukisimama, tope zito la mwamba uliosagwa hutuama chini na kuganda, na kulikorogesha upya ni kazi ya siku. Kadiri mgodi unavyokwenda chini zaidi, kama ambavyo Geita imefanya tangu ilipoanza uchimbaji wa chini ya ardhi katika muongo uliopita, ndivyo hewa na maji vinavyodai umeme mwingi zaidi kwa kila gramu inayotolewa.

Afrika Kusini, ambako kampuni ya AngloGold Ashanti ina asili yake, ilifundisha somo hili kwa uchungu. Januari 2008 shirika la umeme la nchi hiyo, Eskom, liliyaambia makampuni ya madini kwamba haliwezi tena kuyahakikishia umeme. Kwa kuwa hakuna anayethubutu kuteremsha maelfu ya watu kilomita kadhaa chini ya ardhi bila uhakika wa kuwapandisha, migodi mikubwa ya dhahabu ilisimamisha uzalishaji kwa siku takribani tano. Nchi iliyokuwa imeongoza dunia kwa dhahabu katika sehemu kubwa ya karne ya 20 ilisimama kwa kukosa umeme, si kwa kukosa dhahabu.

Jirani zetu wa mashariki mwa Kongo walichukua njia nyingine. Mgodi wa Kibali, ulioko Haut-Uélé, ulijengewa vituo vitatu vya umeme wa maji kwenye mito ya karibu, ili usitegemee malori ya dizeli kutoka mbali. Kwa gharama za mgodi ni jibu zuri. Lakini umeme wa mgodi si umeme wa taifa. Ni kisiwa.

Kwa Geita, badiliko lilikuja kwa waya. Njia ya kilovoti 220 ilijengwa kutoka Bulyanhulu hadi kituo cha kupozea umeme cha Mpomvu, umbali wa takribani kilomita 55, kisha nyingine ya kilomita 144 kutoka Geita hadi Nyakanazi, ambako inakutana na njia inayotoka katika maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera. Mtambo wa Rusumo ni wa megawati 80 na umeme wake hugawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Fungu letu si kubwa. Hata hivyo, kwa mtazamo wa usalama kilichotokea ni kikubwa kuliko hesabu ya megawati: Geita iliacha kuwa ncha ya mwisho ya waya, ikawa njia panda. Umeme unaweza kuja kutoka Shinyanga, na unaweza kuja kutoka magharibi. Mkondo mmoja ukikatika, upo mwingine. Katika miaka ya karibuni mgodi wenyewe nao umeunganishwa na gridi kutokea kituo hicho cha Mpomvu.

Nigusie hapa jambo ambalo limezua matumaini yasiyo sahihi vijijini. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika mkoa wa Geita na wa Shinyanga. Ni la kubeba mafuta ghafi ya kuuzwa nje. Halitamshushia mtu dizeli njiani.

Bwawa limejaa, taa imezimika

Mwaka 2018 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, pamoja na makampuni mawili ya Misri. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024, na kufikia mwaka 2025 mitambo yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilikuwa imekamilika. Jumla ni megawati 2,115, takribani nusu ya uwezo wote wa kuzalisha umeme nchini. Ni kazi ambayo taifa lina haki ya kujivunia, hasa tukikumbuka mgao uliotoka mwaka 2023 ukaingia mapema 2024, na ile ya 2006 na 2011.

Kumbukumbu ya mwaka 2006 ina somo la pekee. Ukame ulikausha mabwawa, na katika haraka ya kutafuta umeme wa dharura ukasainiwa mkataba wa Richmond wa megawati 100. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilichunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Taifa linaponunua umeme likiwa tayari gizani, hununua kama mtu anunuaye mahindi Februari wakati ghala limekwisha: bei si yake, masharti si yake, na walanguzi wanajua hivyo. Huu ni upande wa usalama wa nishati ambao haupimwi kwa megawati. Ukosefu wa maandalizi huzaa haraka, na haraka hufungua mlango wa rushwa, ambayo hatimaye hulipwa na mtumiaji kupitia bei ya uniti au na mlipakodi kupitia deni.

Sasa tumepata wingi. Machi 2024, mitambo ya Rufiji ikiwa ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi na mvua zikiwa nyingi, vituo kadhaa vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wengi walishangaa na wengine wakakasirika: tuna bwawa, kwa nini tununue? Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kitaalamu na, kwa maoni yangu, ya kweli. Umeme unaosafiri mamia ya kilomita hupotea njiani kama maji katika mfereji wa udongo, na upotevu wa kuufikisha kaskazini ulikadiriwa kuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Kinachofaa kutukasirisha ni miaka mingi ambayo tulizungumzia mitambo ya kuzalisha tukasahau nyaya, vituo vya kupozea na transfoma.

Wapo wanaosema kwamba baada ya Rufiji suala la usalama wa nishati limekwisha. Siamini hivyo. Nusu ya ghala sasa iko katika mto mmoja. Zambia, iliyotegemea maji ya Kariba kwa muda mrefu, ilipatwa na ukame mwaka 2024, na wananchi wake wakakaa gizani sehemu kubwa ya siku, huku viwanda na migodi ya shaba ikihangaika kutafuta umeme wa kuagiza. Hatupaswi kusubiri tufundishwe hivyo. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay itaendelea kuhitajika. Jua la Shinyanga, ambalo kwa mkulima wa pamba ni baraka na adhabu kwa zamu, limeanza kutazamwa kama mali: wilayani Kishapu umepangwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, ukianza na megawati 50. Umeme huo utazalishwa karibu na migodi kuliko ule wa Rufiji, na jua huwaka zaidi katika miezi ile ambayo mito hupungua.

Njia moja, njia tatu

Tumezungumza mengi kuhusu migodi mikubwa. Turudi Nyarugusu.

Mkoa wa Geita una maelfu ya wachimbaji wadogo, na dhahabu yao ni sehemu kubwa ya ile inayopita katika soko la madini la Geita lililofunguliwa Machi 2019. Wanafanya kazi ile ile ya mgodi mkubwa, katika udogo: kuchimba, kuvuta maji, kupitisha hewa, kusaga, kuchenjua. Tofauti ni kwamba wao hulipa nishati kwa bei ya juu kuliko wote. Mgodi mkubwa ulioungwa kwenye gridi kwa msongo mkubwa hulipa kwa uniti karibu nusu ya ile shilingi 292 ya mteja mdogo. Mchimbaji mdogo asiye na umeme hulipa ile shilingi 1,000 ya jenereta. Wote wawili huuza kwa bei moja ya dunia, na mmoja wao huanza mbio akiwa amebeba gunia.

Je, umeme haukufika vijijini? Umefika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha waya karibu katika vijiji vyote vya Tanzania Bara, na gharama ya kuunganishwa kijijini ya shilingi 27,000 iliweka taa katika nyumba ambazo zisingeiota. Lakini kuna siri ndani ya waya huo ambayo fundi yeyote atakueleza. Umeme wa njia moja hutosha kwa taa, redio, simu na jokofu dogo. Karasha, pampu kubwa na mashine ya kukoboa huhitaji umeme wa njia tatu. Pale ambapo nguzo zilifika na njia moja tu, kijiji kimehesabiwa kuwa na umeme, na kwa taa ni kweli. Kwa kazi, bado.

Ni haki kukiri ugumu wa upande wa pili. Machimbo huhama. Leo rashi imelipuka porini, watu elfu tatu wako pale, na baada ya miezi minane wamebaki wauza maji. Ni vigumu kumlaumu mhandisi anayesita kupeleka transfoma ya gharama kubwa mahali ambapo pengine hapatakuwa na mtu mwakani. REA imekuwa na mradi maalumu wa kupeleka umeme katika maeneo ya wachimbaji wadogo, na ni jambo jema, lakini maeneo kama Nyarugusu na Lwamgasa si rashi za miezi minane. Yamechimbwa vizazi kwa vizazi.

Ukosefu wa umeme huu una sura nyingine, ambayo mapadre na makatekista wanaotembelea machimbo wanaijua. Asiye na umeme wa uhakika huchenjua kwa zebaki, kwa sababu zebaki haihitaji umeme. Inahitaji karai, mikono na moto. Mara nyingi njia hiyo hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Inayobaki imo kwenye marudio, na marudio hayo huuzwa kwa bei ndogo kwa mwenye mtambo wa sayanaidi. Mwenye mtambo ana umeme, matangi na mtaji, na ndiye anayevuna sehemu ya pili, ambayo pengine ni kubwa kuliko ya kwanza. Hajaiba. Lakini jasho la aliyeshuka duarani limegeuka kuwa dhahabu ya mtu mwingine, na sababu mojawapo ni waya ambao haukufika. Moshi wa zebaki, nao, hubaki kwa yule yule maskini na kwa watoto wanaocheza karibu na jiko. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Utekelezaji wake hautaenda mbali ukitegemea makatazo peke yake.

Hata ndoto yetu ya kuongeza thamani ya madini hapa nchini inasimama juu ya waya huo huo. Wakati wa mgogoro wa makinikia mwaka 2017 taifa zima liliuliza kwa nini mchanga wenye madini usafirishwe ng'ambo kuyeyushwa. Kuyeyusha madini hula umeme mwingi mno, na tanuru haliwezi kuzimwa na kuwashwa kama taa ya sebuleni. Leo kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza, kilichozinduliwa Juni 2021, na kingine hapa Geita. Sheria inataka sehemu ya dhahabu, asilimia 20, itengwe kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini. Na eneo la mgodi wa Buzwagi uliofungwa linageuzwa kuwa eneo la viwanda. Mwekezaji atakayekuja Buzwagi atauliza maji, reli na kodi, lakini kabla ya hayo ataomba kumbukumbu za kukatika kwa umeme.

Nani akatiwe kwanza?

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayawapangii wahandisi njia za waya. Yanauliza swali ambalo wahandisi peke yao hawawezi kulijibu: umeme usipotosha, nani akatiwe kwanza? Kwa hesabu ya fedha jibu ni jepesi. Laini ya mgodi huleta mapato makubwa, hivyo hulindwa. Laini ya kijiji huleta kidogo, hivyo huzimwa. Lakini juu ya laini ya kijiji kuna zahanati yenye jokofu la chanjo, chumba cha kujifungulia, shule ya sekondari ya bweni na mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama. Kanuni ya mafao ya wote haisemi kwamba mgodi uzimwe. Tumeona kwamba mgodi ukizimwa tunapoteza sote. Inasema kwamba orodha ya wanaokatiwa ipangwe kwa kutazama uhai wa watu kabla ya ukubwa wa ankara, na ipangwe hadharani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaka nishati chafu ipishe hatua kwa hatua nishati safi, huku nchi maskini zikisaidiwa zisilazimike kuchagua kati ya mazingira na mkate. Kwa Geita, kuiacha dizeli ni jambo la mazingira na ni jambo la mkate kwa wakati mmoja.

Kanuni auni nayo inatukumbusha kwamba yanayoweza kufanywa na jumuiya ndogo yasisubiri wakubwa. Sheria inaitaka migodi kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri, na mgodi wa Geita peke yake umekuwa ukitoa kwa njia hiyo zaidi ya shilingi bilioni 9 kwa mwaka. Fedha hizo zimejenga madarasa, vituo vya afya na masoko. Ni nadra kusikia kijiji kikiomba sehemu yake iwe transfoma ya njia tatu kwa ajili ya eneo moja la pamoja la kusagia na kuchenjulia, mbali na makazi na mbali na mto, ambako wenye maduara madogo wangelipa uniti badala ya lita. Pengine haiombwi kwa sababu transfoma haina kibao cha uzinduzi kinachopendeza kama cha darasa. Pengine ni kwa sababu hatujajua kwamba tunaweza kuomba.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ni mjumbe wake. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuulizwa pale kama nguzo zilizopo zina njia moja au tatu, transfoma ina uwezo gani na imebeba wateja wangapi, zahanati iko kwenye laini ipi, na kama ombi la kuongezewa njia limewahi kuandikwa kwenda TANESCO, REA au halmashauri. Kama halijaandikwa, liandikwe siku hiyo hiyo, liingie kwenye muhtasari, na nakala ibaki ofisi ya mtendaji.